Ripa ya kulaza paipu kwa trekta ndogo: dakika ishirini za kazi, siku tatu za shughuli

Haya, nilisema nikimaliza ntaandika, na nimemaliza. Maji yanafika kwenye mabirika yote matatu na ng'ombe wameacha kupanga foleni pale kisimani, kwa hiyo ngoja nieleze hiki kifaa kilivyonifanya kabla sijasahau machungu yake.

Kwa ambao hawajakiona: ni jino moja la chuma, refu, limesimama wima, unalifunga nyuma ya trekta kwenye ile mikono mitatu ya kubebea majembe. Chini lina ncha ya kupasulia ardhi, na mgongoni limechomelewa bomba la chuma lililopinda kidogo, unaingiza paipu ya plastiki kwa juu inatokea kwa chini nyuma ya ncha. Trekta inaenda mbele, jino linapasua, paipu inabaki humo humo chini na udongo unajifunga wenyewe. Hamna mtaro, hamna lundo la udongo, hamna kufukia. Kwenye malisho hilo ndo la maana kuliko yote, maana mtaro wazi na mifugo haviendani kabisa, ndama akitumbukia usiku asubuhi unamkuta mguu umevunjika, na ukichimba mtaro wa mita mia nne kwa mkono hutaufukia siku hiyo hiyo, tusidanganyane.

Mi nilikuwa na mita 420 za kulaza, kutoka tanki la juu mpaka birika la mwisho kule bondeni. Trekta ni ndogo, injini ya nguvu za farasi 35, inavuta tairi zote nne, uzito kama tani moja na nusu. Muuzaji aliniambia "hiyo inatosha sana, hata ya farasi 25 inavuta". Kweli inavuta. Ila hakuniambia inavuta nini na kwenye udongo gani, nikaja kujua mwenyewe.

Kabla hujachukua kifaa chochote cha hivi pima matundu na pini, tafadhali. Trekta ndogo nyingi pini zake za mikono ya chini ni milimita 22 na ile ya juu ni 19. Majembe ya trekta kubwa yana pini za 28 chini, ukiletewa hiyo utabaki unaiangalia tu. Yangu ilikuwa sawa, iliingia bila ugomvi, na chuma chenyewe kwa kweli ni kizito na kimechomelewa vizuri, sijaona ufa mahali popote hata baada ya kugonga mawe matatu ya nguvu. Hapo nampa fundi aliyekitengeneza heshima yake.

Sasa siku ya kwanza. Nikafika asubuhi mapema, umande bado uko kwenye majani, nikashusha jino, nikaweka gia ya chini, nikaondoka kwa mbwembwe. Mita nne. Tairi zikaanza kuzunguka hapo hapo, trekta inaunguruma haiendi, majani yanachunika kama ngozi, na mdogo wangu aliyekuja kunisaidia kakaa pembeni anacheka. Nikaongeza moto, ikazidi kujichimbia. Nikafunga difu ili tairi zote mbili za nyuma zizunguke pamoja, ikasogea mita mbili nyingine ikagoma tena.

Nilichojifunza hapo ni kwamba farasi walikuwepo wa kutosha, kilichokosekana ni uzito na mshiko. Injini ina nguvu lakini tairi hazina cha kushikilia, yaani ni kama mtu mwenye misuli anayevuta kamba akiwa amesimama kwenye matope. Tukarudi nyumbani, nikajaza maji kwenye tairi za nyuma mpaka robo tatu (unaligeuza gurudumu mpaka valvu ya tairi iwe juu, unajaza hadi maji yafike usawa wake), mbele nikafunga vyuma vya uzito maana jino likiwa limezama na trekta inavuta kwa nguvu mbele kunakuwa kwepesi na usukani unakuwa kama wa kuchezea. Hiyo kazi ilikula mchana wote. Na tukasubiri umande ukauke. Udongo unaoutaka ni ule ambao juu pamekauka tairi zipate kushika na chini kuna unyevu kidogo jino lipite. Ukikauka kote ni jiwe, ukilowa kote ni sabuni.

Alafu kitu cha pili ambacho hakikuandikwa popote kwenye karatasi waliyonipa: usijaribu kwenda kina chote kwa mara moja. Pita mara ya kwanza bila paipu, jino limezama sentimita 20 hivi. Rudi ulipoanzia, pita tena mstari ule ule, 35. Pita ya tatu ndo unaenda mwisho kabisa, na hiyo ndo ya paipu. Ukifanya hivyo hata trekta ya farasi 25 nadhani itapita, si kwa nguvu ila kwa sababu ardhi ishapasuliwa. Faida nyingine ni kwamba zile pita za mwanzo ndo zinakuonesha mawe na mizizi iko wapi kabla hujaingiza paipu. Hii nitairudia chini maana ndo ilinitesa.

Na kabla ya hayo yote, ulizia kama kuna waya wa umeme au bomba lingine chini ya hiyo ardhi. Jino halina macho. Kama shamba lina laini ya zamani ambayo hujui inapita wapi, chimba vishimo vya kupima kwa mkono kwanza.

Kina. Kwenye tangazo wameandika sentimita 50. Mi nimepima kwa fimbo kwenye mashimo matano tofauti, nimepata 42 hadi 45. Sio mbaya, mifugo ikikanyaga haifiki huko, jua haliioni paipu na jembe la kawaida halifiki. Ila kama unaishi nchi ya baridi ambayo ardhi inaganda, hiki kifaa sio chako, kuna sehemu barafu inashuka zaidi ya mita moja na huko hamna trekta ndogo itakayovuta jino la kina hicho, kodi mashine ya kuchimba mtaro au escaveta uishie hapo. Na kina unakipata kwa kucheza na ule mkono wa juu wa kati: ukiufupisha, ncha inainama mbele na jino linajivuta lenyewe kwenda chini, ukiurefusha linataka kupanda. Nilifupisha sana mara ya kwanza likawa linajizamisha mpaka trekta inakata roho. Zungusha kidogo kidogo.

Haya mawe. Pale jino linapoungana na fremu kuna bolti ya kukatika, yaani imewekwa makusudi iwe laini ili ukigonga jiwe ikatike yenyewe na jino lirudi nyuma badala ya kuvunja fremu au mikono ya trekta. Wazo zuri. Wamekupa bolti mbili tu za akiba. Mbili! Mi nilikata tano. Ya tatu ilipokatika tulikuwa katikati ya malisho, mdogo wangu akasema "kaka weka ile ngumu ya kwenye tela tumalize", nikakataa, maana ukiweka bolti ngumu hapo jiwe likija kitakachokatika ni kitu kingine na hicho hakitakuwa cha bei ya bolti. Nikaenda kutafuta zinazolingana, saa mbili zikapotea. Chukueni kumi kabisa, za ugumu ule ule waliosema kwenye karatasi.

Na ukikwama kwenye mzizi, usikanyage mafuta. Nyanyua jino kwa haidroliki taratibu. Trekta ndogo ikizuiliwa nyuma na wewe unaikandamiza, mbele inanyanyuka, na ikinyanyuka hupati muda wa kufikiria. Vile vile kama mtu anakuja kukuvuta, mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini na si penginepo, ukifunga juu trekta inapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Sitanii hapa.

Tuje kwenye paipu, maana kifaa kimeundwa kwa ajili yake na hapa ndipo nina malalamiko.

Nilitumia ile nyeusi ya poli (plastiki ya polithini), kipenyo milimita 32, daraja la presha PN10. Watu wanaweka 25 kwa sababu ni nyepesi na inapita kirahisi, mi nawaambia kwa umbali wa mita mia nne msifanye hivyo kama maji yanashuka kwa mteremko tu bila pampu. Tofauti ya 25 na 32 inaonekana ndogo kwa macho lakini kwa mtiririko ule ule paipu ya 25 inapoteza presha kama mara tatu ya 32. Ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita 10 hadi 20 kwa dakika na huwa hawaji mmoja mmoja, wanakuja wote jua likiwa kali. Presha yenyewe ni hesabu rahisi, kila mita 10 za kushuka ni baa 1 (baa ni kipimo cha presha), PN10 inabeba baa 10, kwangu mteremko wote ni mita 18 kwa hiyo hata baa 2 haifiki, paipu imetulia kabisa.

Malalamiko ya kwanza: mdomo wa lile bomba la chuma, kule chini paipu inapotokea, ulikuwa na ukingo mkali. Mita kumi za kwanza nikasimamisha nikachimba kuangalia (bahati nzuri nina roho ya wasiwasi), nikakuta mkwaruzo mrefu ubavuni mwa paipu. Ukuta wa paipu hiyo ni milimita 2 na kidogo. Mafundi wa poli wana kanuni yao, mkwaruzo ukizidi sehemu moja ya kumi ya unene wa ukuta kipande hicho unakata unatupa, na sehemu ya kumi ya milimita mbili ni kitu cha ukucha tu. Nikakata mita kumi nzima nikatupa. Alafu nikachukua tupa na msasa nikakaa nusu saa nalainisha ule ukingo hadi ukawa mviringo. Kazi ya nusu saa ambayo kiwandani ingechukua dakika mbili, hapa wameniudhi.

La pili ndo kubwa zaidi. Bomba hilo la chuma limefungwa pande zote. Ukishapitisha paipu huwezi kuitoa isipokuwa uikate au uivute yote irudi. Sasa fikiria, uko mita ya 60, unagonga jiwe, bolti imekatika, unataka kunyanyua jino ulitazame. Ukinyanyua, unanyanyua na paipu iliyoko chini, inapanda juu na nyuma yako mita kadhaa zinakuwa hazina kina tena. Ikabidi nichimbe kwa sururu kuzunguka jino na kulirekebisha likiwa humo humo ardhini. Nimeona vingine vyenye mlango wa bawaba nyuma, unafungua, paipu inatoka kando, unanyanyua jino, basi. Kama unachagua leo, chagua chenye mlango. Ndo maana nasema kabla ya pita ya paipu ongeza pita moja tupu kwa kina unachokitaka hasa, mawe yaoneshe nyuso zao kabla paipu haijaingia. Mi ya pili niliifanya 35, na lile jiwe lilikuwa 40.

Hiyo hiyo shida ya kufungwa inakufuata kwenye viungo. Koneksheni ya kubana ya 32 ni nene kama ngumi, haipiti kwenye bomba hata kwa dawa. Kwa hiyo roli likiisha unasimama, unachimba shimo, unatoa jino, unaanza upya kwenye shimo hilo na roli jipya, kisha unaunganisha kwa mkono. Ukweli hii sikuichukia sana, kwa sababu kila kiungo nimekijua kilipo na nimekipanga kiangukie penye birika. Nunua roli za urefu unaolingana na vituo vyako, usichukue tu zilizopo dukani.

Jinsi ya kuilisha sasa. Wengi wanafikiria unabeba roli nyuma ya trekta linazunguka kama uzi kwenye cherehani. Inawezekana ukiwa na kirola chake. Sisi tulifanya hivi: siku moja kabla tukaikunjua paipu yote, kwa kuliviringisha roli kama tairi na sio kuchomoa ncha kutoka katikati (ukichomoa inajisokota), tukailaza juani pembeni ya mstari, hatua moja kutoka tairi zitakapopita. Jua likaikumbusha kunyooka. Kesho yake ncha ya mwanzo tukaifunga kwenye kigingi ndani ya shimo la kuanzia, trekta ikaondoka, na mdogo wangu anatembea kando ya jino anaiokota paipu kutoka chini na kuiingiza. Paipu yenyewe haiburuzwi hata kidogo, imekaa pale pale ilipo, inahama tu kutoka juu ya ardhi kwenda chini yake. Trekta inatembea mwendo wa mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Mita 140 za kwanza hazikufika hata dakika kumi. Hapo nilimsamehe kila mtu, nikamsamehe hadi muuzaji.

Ila mtu wa nyuma ni kazi, jamani, msimpe mtoto wala mtu mwenye simu mkononi. Roli la pili alijikwaa, paipu ikajikunja mbele ya mdomo wa bomba, anapiga kelele "kaka simama! simama!", mi na ile injini sisikii kitu. Ilikunjika kabisa ikawa na kovu jeupe. Paipu ya poli ikishakunjika hivyo hainyooshwi, hapo ndipo itakapopasuka, unakata. Baada ya hapo tukakubaliana ishara za mkono na nikawa nageuka nyuma kila baada ya hatua chache. Pia usipige kona na jino likiwa chini, litapinda au litapindisha mikono ya trekta, na usirudi rivasi nalo hata kidogo, udongo utaziba mdomo wa bomba. Kona zetu zote tulitoka, tukachimba shimo, tukaanza upya. Na hata humo shimoni paipu ipewe duara pana, kwa 32 mi naweka nusu kipenyo cha sentimita 80.

Kosa langu mwenyewe la mwisho, hili siwezi kumlaumu aliyetengeneza kifaa. Tulimaliza saa tisa, jua kali, nikaunganisha pande zote mbili hapo hapo, nikakata paipu sawasawa na kiungo, safi, imekaza kama kamba ya gitaa. Asubuhi nakuta kiungo cha upande wa tanki kimechomoka na shimo limejaa maji. Poli inarefuka na kufupika na joto, kama milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Paipu nyeusi iliyokaa juani ikishuka nyuzi 25 inapolala kwenye udongo wa ubaridi, kila mita mia zinataka kufupika nusu mita. Na kwenye mpasuko mpya udongo bado haujaishika. Kwa hiyo acha ncha ndefu, iache ilale usiku mzima ndani ya ardhi, unganisha asubuhi, na uiwekee mkunjo wa nyoka kidogo ndani ya shimo.

Kufunga mpasuko ni rahisi, unarudi na tairi moja juu ya mstari, pole pole, mara mbili. Majani yalikuwa yamenyanyuka mabonge mabonge kwa sababu kifaa changu hakina ile diski ya mbele ya kukata mizizi ya nyasi, ukiweza kupata chenye diski nyasi zako zitakushukuru. Penye mteremko mkali nilishindilia udongo kwa nguvu kila baada ya hatua kumi hivi, maana mvua ikipata mpasuko ulionyooka kushuka bondeni inaufanya njia yake, na wiki mbili baadaye una korongo. Tuliwafungia ng'ombe upande wa pili hadi mvua mbili zikapita.

Kabla ya kufunga maboya (zile valvu za kuelea zinazokata maji birika likijaa) kwenye mabirika tuliacha maji yatoke bure dakika kadhaa, yalitoka na mchanga, nyasi, na mende mmoja sijui aliingiaje. Ungefunga boya kwanza hivyo vyote vingekwama kwenye kitundu chake. Na pamoja na paipu tulipitisha waya mwembamba wa shaba kwenye lile lile bomba la chuma, kwa sababu kifaa cha kutafutia vyuma hakiioni plastiki, siku ukitaka kujua laini inapita wapi waya ndo utakuambia. Hii ilikuwa akili ya mdogo wangu, nakiri. Mi nilikuwa nimechora ramani nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji.

Nyota naipa tatu na nusu kati ya tano. Chuma ni imara, kazi yenyewe ya kulaza ilichukua dakika ishirini na kidogo ukijumlisha roli zote, lakini bomba lisilo na mlango, ukingo mkali na bolti mbili za akiba, hivyo vitatu ni uvivu wa mtu. Kwa mita hamsini za paipu chukua jembe na sururu, usijisumbue. Kuanzia mia mbili kwenda juu inalipa, hasa kama unaweza kukodi badala ya kununua, maana ukishalaza paipu yako hiki kitu kinakaa. Changu kimeegemea ukuta wa banda sasa hivi, hakina hata mguu wa kusimamia, nimekifunga kamba kisimwangukie mtu. Jirani ameshakiulizia mara mbili. Nimemwambia aje na bolti zake.